Tezi Ishirini na Sita

"Wanaotoka na kijani kwenye mashuka ndio wenye bahati," alisema Mama Pacha, akashusha sauti, maana mwanamke mwingine aliyeketi mwisho wa benchi la kliniki alikuwa amewategea sikio waziwazi. "Sisi wa udobini tunawajua wote. Nyuso zao hatuzioni, lakini tunawajua."

Mumewe, aliyeitwa Fundi kwa kazi yake ya kuchonga funguo, aliitikia kwa kichwa kama alivyozoea kumwitikia mteja anayemweleza jinsi kitasa kilivyokwama: kwa adabu, huku akitafuta pa kuanzia. Miaka kumi na miwili mkewe alikuwa amefua nguo za chumba cha upasuaji katika hospitali hiyohiyo, na kwa miaka hiyo yote yeye hakuwahi kumuuliza nguo zile zilikuwa na nini.

"Kijani cha nini?"

"Cha dawa. Mgonjwa huchomwa huko chini, na ikidondoka kwenye shuka haitoki hata uichemshe mara mbili. Mwenye shuka la kijani huondoka hapa na miguu yake. Asiye na kijani, baada ya miezi michache unamwona anarudi amevaa kandambili za mumewe, kwa sababu viatu vyake havimwingii tena."

Mwanamke yule wa mwisho wa benchi akajitazama miguu.

Walipoitwa ndani, daktari mpasuaji, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aligeuza karatasi ya vipimo na kuchora upande wake mtupu umbo la mfuko. Akachora na vitone vidogo pande zote mbili.

"Saratani iko humu, ndani ya kizazi," alisema. "Kizazi tutakitoa, hilo halina mjadala. Tunachotaka kujua ni kama imekwisha kutembea. Ikitembea, hupita kwanza kwenye hivi vitone. Ni tezi. Zikivimba kinenani watu huziita mitoki. Zamani tulizitoa zote, kulia na kushoto, tukazipeleka maabara. Siku hizi tunachoma rangi kwenye mlango wa kizazi, nayo inafuata njia ileile ambayo saratani ingeifuata. Tunapunguza taa, tunawasha kamera yake, na tezi ya kwanza inawaka kijani kwenye skrini kama kimulimuli. Tunaitoa hiyo, na mwenzake wa upande wa pili. Basi."

"Na zinazobaki?" aliuliza Mama Pacha.

"Zinabaki kazini. Hizo ndizo zinazopitisha maji ya miguuni kwenda juu. Ukizing'oa zote, maji hukosa pa kupita, mguu ukajaa."

Fundi alisogea mbele. Hatimaye palikuwa na jambo la kushika. "Kwa hiyo, daktari, hamvunji mlango. Mnatafuta kitasa."

Daktari akacheka. "Umelisema vizuri kuliko wanafunzi wangu."

Mama Pacha hakucheka. "Nitaweza kusimama?"

"Kazi yako ni ya kusimama?"

"Saa kumi kwa siku, juu ya saruji yenye maji."

"Kwa rangi, natarajia utasimama. Bila rangi siwezi kukuahidi." Daktari alifungua daftari la miadi. "Njooni Jumatano, mama alazwe. Dawa yenyewe ikichanganywa asubuhi haifiki jioni, kwa hiyo kichupa kimoja tunawapangia wanawake watatu siku moja. Alhamisi. Utakuwa wa pili."

Nje, Mama Pacha aliinua upindo wa gauni kidogo akaitazama miguu yake kama mtu anayekagua mali yake. Ilikuwa miguu myembamba, yenye mishipa iliyojichora kwa kusimama. Miguu hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba tangu watu walipoanza kununua vitasa vinavyokuja na funguo nne za akiba.

Jumatano walikuta muuguzi wa mapokezi ni msichana mmoja mchangamfu. Mama Pacha alipomwona, alimshika mumewe mkono.

"Sema wewe."

"Niseme nini? Mwili ni wako."

"Sare ya mtoto huyu naipiga pasi mimi. Siwezi kukaa hapa nimweleze habari za hedhi yangu, kesho nikutane naye ukumbini. Sema wewe, Baba Pacha. Tafadhali."

Basi Fundi akasema. Alitaja umri wa mkewe, akataja mwaka wa kuzaliwa mapacha, akasema kwamba mmoja alizaliwa akitanguliza miguu, na kwamba damu ilirudi miaka minne baada ya kukoma. Kila jibu lilipopokewa bila swali la pili, mabega yake yalinyooka. Mama Pacha aliketi kando yake, goti kwa goti, macho kwenye mapaja.

"Ana mzio wowote?" aliuliza muuguzi. "Kitu kinachomdhuru. Chakula, dawa, kitu cha kupaka?"

Fundi alifikiri. Alikumbuka mikono ya mkewe, jinsi ilivyopasuka, na siku moja ambayo alirudi nayo imevimba huku pindo za mikono ya gauni zina madoa ya kahawia. Alimwuliza jirani yake wa sokoni madoa yale ni ya nini, naye akamwambia ni ile dawa ya hospitali ya kuoshea vidonda.

"Upo," alisema. "Ile dawa ya kahawia ya vidonda. Inamharibu mikono. Humwasha mpaka anaikuna kwenye ukingo wa kitanda."

"Iodini? Una hakika, baba?"

"Nalala naye, sista. Mimi ndiye ninayesikia anavyojikuna."

Muuguzi akacheka kwa furaha. "Waume ninaowauliza hapa, wengine hawajui hata mwaka aliozaliwa mke. Huyu anajua mpaka kinachomwasha! Mama Pacha, umepata mume."

Mama Pacha aliinua uso. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikakaa hivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha akatabasamu.

"Ndiyo," alisema. "Nimepata."

Muuguzi alichukua kalamu nyekundu.

Alhamisi asubuhi Fundi aliketi kwenye ngazi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Mwanamke wa kwanza alikwisha kutolewa, akisukumwa kitandani huku dada zake wawili wakikimbia kando ya magurudumu. Mama Pacha aliingizwa saa nne kasorobo. Kabla mlango haujafungwa alimwambia mumewe asisahau kuanua nguo, akasema kwa mzaha kwamba safari hii yeye ndiye atakayewachafulia wenzake mashuka.

Haikupita nusu saa, muuguzi wa ndani akatoka, barakoa imening'inia kidevuni. "Nani wa Mama Pacha?"

"Mimi. Amekufa?"

"Hajafa, baba, amelala. Sikiliza. Daktari wa usingizi amezuia rangi. Rangi ile ina iodini ndani yake, na faili linasema iodini inamdhuru."

"Lakini rangi ni ya kijani," alisema Fundi. "Inayomdhuru ni ya kahawia."

"Rangi ni ya kijani, iodini imo ndani. Haionekani kwa macho." Muuguzi alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mpasuaji anataka kujua mambo mawili. Ilimwasha ngozi tu, au alivimba uso akakosa pumzi? Na una hakika ni dawa hiyo, si kitu kingine cha udobini?"

Fundi aliinuka kwenye ngazi, akasimama mbele yake.

"Ulimwona akiishika?"

"Sijawahi kufika kazini kwake."

"Basi alikwambia mwenyewe?"

Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka mikono ikimenya, ikifunga vifungo vya watoto, ikipakwa mafuta kando ya dirisha. Alitafuta katika miaka kumi na miwili siku ambayo alisema, "Mke wangu, mikono hiyo ina nini?" na akaikosa.

"Nilimwuliza jirani," alisema.

Muuguzi alimtazama. Kwa Fundi, mtazamo huo ulikuwa mgumu kuvumilia kuliko tusi.

"Niacheni nikaulize udobini. Wenzake wanajua."

"Robo saa, baba. Amelazwa mezani tayari, na yuko wa tatu nyuma yake."

Hakujua hata njia. Alielekezwa nyuma ya jiko, apite matangi ya maji, afuate bomba lililofungwa matambara. Mlango ulikuwa wazi na mvuke ulimpiga usoni. Ndani, wanawake sita walisimama juu ya saruji yenye maji, viatu vya mpira vimewafika magotini, mashine zikinguruma kiasi cha watu kuzungumza kwa kupiga kelele.

"Mwanamume huku haingii ila fundi bomba!" alipaza sauti mmoja mzee, aliyezungushia kichwa taulo. Wenzake walimwita Bi Mvuke. "Wewe ni fundi bomba?"

"Mimi ni mume wa Mama Pacha."

"Kumbe yupo!" akasema mwingine, na wote wakacheka. Walipomwona uso, wakaacha.

"Mikono yake," alisema Fundi, akihema. "Inayomwasha ni ile dawa ya kahawia, au nini?"

Bi Mvuke alimnyooshea mikono yake miwili. Ilikuwa imepasuka viganja mpaka vifundo, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. "Tazama. Mtazame na yule. Sote tuko hivi. Ni dawa ya kung'arishia nguo, ile inayotia macho machozi. Hiyo ya kahawia haijamfanya mtu kitu."

"Una hakika?"

"Mwaka juzi Mama Pacha alikatwa kidole na mlango wa mashine. Nilimpaka hiyo ya kahawia mimi mwenyewe, siku saba, wala hakujikuna. Kwani nani kasema inamdhuru?"

Fundi hakumjibu. Alikuwa amekwisha kugeuka.

Kwenye lango la ukumbi wa upasuaji bawabu alinyoosha mkono. "Kadi."

Kadi ya msindikizaji ilikuwa ndani ya kikapu cha mkewe, na kikapu kilikuwa wodini.

"Nimetoka humu sasa hivi. Nimetumwa na daktari."

"Wote mmetumwa na daktari. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi."

"Ndugu yangu, mke wangu yuko mezani. Nimetumwa jibu, nimekuja nalo."

"Nipe mimi jibu hilo, nitampelekea."

"Mwambie si iodini, ni dawa ya nguo. Mwambie rangi haina neno."

Bawabu aliwatazama watu waliosimama kando, akatabasamu. "Mmemsikia daktari huyu? Rangi haina neno."

Wakacheka. Fundi, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hakuwahi kumwomba mteja anayechelewa kulipa, alishika mkono wa bawabu kwa mikono yake miwili, akaita jina la Mungu, akamwita bawabu yule baba, ingawa angeweza kumzaa. Bawabu alisubiri mpaka amalize. Ndipo akainua simu ya ukutani, akazungusha mara mbili, akaambiwa asubiri, akasubiri. Saa kubwa iliyokuwa juu ya kichwa chake ilisogea mbele ya macho ya Fundi bila aibu.

Aliporuhusiwa, alipita langoni kwa kukimbia, akagonga mlango wa chumba cha upasuaji kwa ngumi zote mbili. Yuleyule muuguzi akafungua.

"Ni dawa ya nguo! Alipakwa iodini siku saba, hakujikuna. Ninaye shahidi."

"Wamekwisha kuanza, baba. Tulikungoja nusu saa."

"Basi waambie wasimame waitie."

Muuguzi aliingia, akarudi baada ya muda mfupi. Alisema kwa upole. "Rangi huchomwa kabla ya kupasua, ili ikute njia ni nzima. Upande wa kulia tezi zimekwisha kutolewa. Njia zimekatwa, kulia na kushoto. Hata tukiitia sasa, haina pa kupita."

Fundi aliketi kwenye ngazi. Baada ya saa mbili alisikia magurudumu. Alikuwa mwanamke wa tatu, yule wa kwenye benchi la kliniki, anapelekwa ndani. Alimtambua Fundi, akampungia mkono. Dawa iliyosalia ilikuwa inamngoja.

Majibu ya maabara yalitoka baada ya wiki mbili. Daktari mpasuaji alisimama kuwapokea, jambo ambalo hakulifanya siku ya kwanza.

"Habari njema kabisa," alisema. "Saratani haikutoka nje ya kizazi. Tulitoa tezi ishirini na sita. Zote safi."

"Zote?" aliuliza Mama Pacha.

"Zote."

"Yaani zilikuwa nzima."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. "Zilikuwa nzima."

Mama Pacha alikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili, akakikunjua. "Bi Mvuke aliniambia. Alisema shuka langu lilikuja na damu tu."

"Hatukuweza kutumia rangi, mama. Faili liliandikwa mzio wa iodini, na ulikwisha kulala. Daktari wa usingizi hakuwa na njia. Angekupa, ukakosa pumzi, tungekupoteza."

Fundi aliitazama komeo ya mlango wa ofisi. Ilikuwa imelegea msumari mmoja. Alingoja mkewe amgeukie, na alikwisha kujiandaa kwa lolote, hata kofi mbele ya daktari. Angelipokea kwa shukrani. Mama Pacha hakumgeukia. Alimshukuru daktari, akauliza lini atatolewa nyuzi, akauliza kama anaruhusiwa kula chumvi.

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Kwanza viatu, kisha kifundo kikapotea, kisha goti likawa halina umbo. Wa kulia ukaufuata. Msimamizi wa udobini alimletea kiti, akakaa akikunja foronya siku sita, na siku ya saba msimamizi akasema, pasipo ubaya, kwamba udobi si kazi ya kukaa. Viatu vyake vya mpira akapewa mwanamke mwingine.

Dada yake Fundi alipokuja kuwajulia hali, alisimama mlangoni akakodoa macho.

"Wifi, mbona hivi? Hayo si matende?"

"Siyo, wifi yangu."

"Usituambukize tu. Mimi nina wajukuu." Akacheka, ili ionekane ni utani, kisha akachagua kiti cha mbali.

Kliniki walimfundisha Fundi kufunga miguu hiyo kwa bendeji ndefu, kila asubuhi kabla mkewe hajatoka kitandani: uanzie vidoleni, upande polepole, ukaze chini na kulegeza juu. Alijifunza kwa bidii. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi ndogondogo, na meza yake ya funguo sasa aliifungua saa nne, mara nyingine saa tano. Saratani, walivyosema, haikuwapo tena. Hakuna aliyewaambia kwamba miguu ingerudi, nao wakaacha kuuliza.

Asubuhi moja, akiwa amepiga magoti mbele ya kitanda na nusu ya mguu wa kushoto imekwisha kufungwa, alishindwa kuendelea.

"Mama Pacha. Ni mimi niliyesema iodini."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Nani aniambie? Si nilikuwa nimekaa kando yako?"

Bendeji ilimponyoka, ikabingiria mpaka chini ya meza. Hakuifuata.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Nikajua umekosea. Nilijua ni ile dawa ya nguo." Alisema bila kupandisha sauti, akitazama dirishani. "Hata asubuhi yake, daktari wa usingizi aliniuliza kabla sijalala. Alisema, mama, haya yaliyoandikwa hapa ni kweli? Nikasema ni kweli. Nilidhani watanisafisha ngozi kwa spiriti badala ya ile ya kahawia, yaishe. Nani alijua kuwa mambo hayo yana uhusiano na kijani?"

"Kwa nini hukunikosoa? Neno moja tu!"

Mama Pacha aliusogeza mto nyuma ya mgongo.

"Yule msichana alikuwa amekusifu," alisema Mama Pacha. "Alisema unanijua. Nikakuona umekaa wima, Baba Pacha. Sikuwa nimekuona umekaa hivyo siku nyingi. Nikasema moyoni, mwache."

Fundi aliinama, akaingiza mkono chini ya meza, akaitafuta bendeji. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi, aliipangusa vumbi, akaendelea pale alipoishia, duru juu ya duru, mpaka juu ya goti, akaifunga kwa pini.

"Inabana?" aliuliza.

"Haibani."

Alivitazama vidole vya mguu. Vilikuwa vimebadilika rangi, vimeiva kama zambarau. Alifungua pini, akaikunjua bendeji yote, akaanza upya.